Wa Nne Kwenye Skrini

Kompyuta iliwaka, ila haikuonyesha kitu. Taa ndogo ya kijani ilikuwepo, feni ilizunguka, boksi likanguruma kama kawaida yake, lakini skrini ilibaki nyeusi tii. Mama Kibonge alibonyeza herufi moja, akabonyeza nyingine, kisha akaipiga skrini kofi dogo kama anavyompiga mwanawe mgongoni ili acheue. Wapi!

"Imekufa?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda cha mtoto. Alikuwa amekuja juzi kusaidia kulea, maana Baba Kibonge alikuwa kazini mbali.

"Haijafa, mama. Imenuna tu."

"Basi ibembeleze. Umeweza kumbembeleza mwanangu, utashindwa na boksi?"

Mama Kibonge alicheka, lakini kicheko kikamwishia mdomoni. Kwa mwanga wa mchana uliopita dirishani, skrini nyeusi ilikuwa kama kioo. Alijiona humo, akamwona mama mkwe, akakiona kitanda. Na kati ya kiti na kitanda alikuwepo mtu amechuchumaa.

Aligeuka haraka. Hapakuwa na mtu. Kibonge, wa miezi mitano, alikuwa macho na kimya, akiangalia palepale patupu.

Alimpigia simu fundi.

Fundi alikuja na mkoba wa vifaa begani na skrini yake mwenyewe kwapani. Mtaani walimwita Fundi Maneno, kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata akiwa ameuma bisibisi.

"Mara nyingi ni waya, dada. Watu wanalia machozi, kumbe waya umelegea." Akabadilisha waya. Nyeusi. Akaunganisha skrini yake aliyokuja nayo. Nyeusi vilevile. "Basi skrini haina kosa." Akafungua boksi, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akayasugua meno ya shaba ya kadi hiyo kwa ufutio wa penseli, akaipuliza, akairudisha mpaka ikalia ta! Nyeusi. "Sasa tunatoa kimoja kimoja. Kile ambacho ukikitoa picha inarudi, ndicho kibovu chako."

Alitoa alivyoweza kutoa, feni ikizidi kuzunguka. Akainama kunusa ndani ya boksi, akitafuta harufu ya kitu kilichoungua. Harufu aliipata, lakini haikutoka kwenye boksi. Ilikuwa harufu ya nywele zilizotupwa motoni, nayo ilitoka nyuma yao.

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, fundi alinyamaza. Aliitazama skrini.

"Dada," alinong'ona, "humu ndani watu wazima tuko wangapi?"

"Watatu."

"Mbona kwenye skrini tuko wanne?"

Yule wa nne alikuwa amesimama sasa. Nywele zilimfunika mpaka magotini, na mkono wake ulishika ukingo wa kitanda cha mtoto. Fundi alitoka mbio, kandambili moja ikabaki ndani. Baada ya muda kidogo paji lake la uso lilionekana kwenye nondo za dirisha.

"Nilidhani umekimbia," Mama Kibonge alisema.

"Nimekimbia. Hapa ndipo nilipofikia."

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe, ambaye macho yake hayakuona mbali. Alipoambiwa, alishika kifua. "Jini? Mchukue mtoto tuhame, sasa hivi!"

Mama Kibonge akambeba mtoto, akapiga hatua moja kwenda mlangoni huku jicho likiwa kwenye skrini. Yule naye akapiga hatua moja. Mama Kibonge akasimama. Yule akasimama.

"Tukihama, atahama nasi," alisema.

Alikuwa mwanamke mpole, wa wale ambao wakikanyagwa mguu ndio wanaoomba radhi. Lakini pale, mwanawe akiwa kifuani, woga ulimpanda mpaka kooni, na ulipofika huko ukageuka hasira.

"Fundi ametoa vya kwenye boksi. Mimi natoa vya chumbani."

Alimfunga mtoto kifuani kwa kanga, akang'oa pazia, akalirusha nje. Skrini nyeusi. Akakokota kabati mpaka barazani. Nyeusi. Akatoa mkeka, beseni, ndoo, viatu vya mumewe, na kila alipotoa kitu aligeuka kutazama, na kila alipotazama yule alikuwepo. Mwisho akampeleka mtoto barazani, akamkabidhi fundi.

"Mshike vizuri. Ukimwangusha, utamwona jini afadhali kuliko mimi."

Alirudi ndani. Yule wa nne alikuwa ameugeuzia mlango uso wake, kama alikuwa nao. Skrini ilikuwa bado nyeusi. Huko nje Kibonge akaanza kulia.

"Mjukuu wangu huyo," alisema mama mkwe. Akainuka, akavuka kizingiti.

Skrini ikawaka.

Ilikuwa karatasi ya mtihani aliyokuwa akiichapa kabla mama mkwe hajafika juzi, na Mama Kibonge aliifurahia kwa muda wa pumzi moja tu. Pumzi ya pili alielewa.

"Mama! Rudi ndani! Usimguse!"

Mama mkwe alirudi mikono ikiwa bado imenyooshwa. Picha ikapotea.

"Weka mguu mmoja nje, mama." Ikawaka. "Urudishe." Ikapotea.

"Dada," fundi alisema kwa sauti ya chini, akimkumbatia mtoto, "kibovu kimejulikana. Kitoe nje ufunge mlango."

"Hicho unachokiita kibovu ndicho kilichomzaa mume wangu."

Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja, kisha akakaa sakafuni taratibu. "Tangu njiani mabega yananiuma kama nimebeba mtu," alisema. "Nikasema ni uzee. Nifungie nje, mwanangu. Nitaondoka naye."

"Huendi popote, mama."

Hapo ndipo feni ilipobadilisha mlio. Ilipunguza mwendo ikawa kama mtu anayehema, na ndani ya kuhema kule mlikuwa na sauti.

"Nipe mdogo, nikuachie mkubwa. Au nipe mkubwa. Mmoja tu."

"Hupati hata mmoja," alisema Mama Kibonge.

"Anakula umeme huyo!" fundi alipiga kelele barazani. "Ng'oa waya ukutani! Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, usiachie, umeme uliobaki ndani uishe!"

Aling'oa waya. Taa ya kijani haikuzimika. Feni ilizunguka kwa kasi kuliko mwanzo, waya ukiwa umelala sakafuni kama mkia uliokatwa, naye akapiga magoti, akaweka kidole gumba kwenye kitufe akakikandamiza, na baridi ikampanda kutoka kidoleni mpaka begani, na harufu ya nywele ikajaa chumba kizima mpaka machozi yakamtoka, na kwenye skrini akamwona yule akiacha mgongo wa mama mkwe na kumjia yeye, polepole, akikua, mpaka skrini yote ikawa nywele tupu, na sauti ikamwambia sikioni achia, achia nikupe usingizi, achia, naye kwa mkono wa pili akaushika mkono wa mama mkwe akaukaza, akasema kwa meno yaliyoumana, "Siachii. Umekuja kwa mtu asiye wako. Siachii," na akaendelea kukandamiza hata alipoacha kukihisi kidole kama bado ni chake.

Feni ilikwama. Ikazunguka nusu. Ikasimama.

Taa ya kijani ilififia, ikazimika. Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka nayo.

Fundi aliingia akinyata, mtoto begani. Alirudisha vifaa vyote kwenye boksi, akachomeka waya. Mama Kibonge akabonyeza. Karatasi ya mtihani ikatokea, na mama mkwe alikuwa mlemle ndani.

Lakini bibi hakuomba mtoto. Alikaa pale sakafuni mikono ameificha nyuma.

"Mpakate, mama."

"Niache kwanza. Je, kama hajaondoka?"

Mama Kibonge alimchukua Kibonge kutoka kwa fundi, akamweka kwenye mapaja ya bibi yake, akaivuta ile mikono kutoka nyuma akaizungusha kwa mtoto. Kisha akarudi kwenye mashine, akakaa akiitazama picha, kidole gumba kikiwa kimelala juu ya kitufe.

Picha ilitetemeka mara moja.

"Jaribu," alisema, si kwa mama mkwe wala kwa fundi.

Picha ikatulia. Nyuma yake Kibonge alikamata pua ya bibi yake, akacheka. Mama Kibonge hakugeuka, wala kidole hakukiondoa.