Junaid Hauachii Mwiko

Asubuhi ukipita uchochoro ulio nyuma ya maduka ya mtaa wa Mlandege, fuata pua yako tu. Itakufikisha kwa Junaid. Utasikia harufu ya iliki, zafarani na samli ya moto. Junaid anapika halua uani kwake, kama alivyopika baba yake.

Halua haitaki mzaha. Sukari na wanga vikishaingia kwenye sufuria kubwa ya shaba, mpishi haendi popote. Anakoroga kwa mwiko mrefu mpaka iive. Akiacha kidogo tu, inashika chini na kuungua. Kwa hiyo Junaid na shemeji yake, Ame, hupokezana mwiko. Zamu ya Ame ikifika, Junaid hukaa akanywa kahawa chungu, kikombe juu ya kikombe.

Siku moja, akikoroga, moyo wake uliruka. Alihisi umesimama. Kisha ukapiga pigo moja zito, ukaendelea na mwendo wake. Junaid aliingiwa na khofu kubwa.

Alikwenda hospitali, na alifanya vyema. Daktari alimpima presha na damu, na akampima umeme wa moyo. Kipimo kilionesha mruko wenyewe. Akampiga pia picha ya moyo.

"Moyo wako mzima," daktari alimwambia. "Miruko hii haina madhara. Fanya kazi zako."

Junaid alifurahi, lakini furaha yake haikudumu. Moyo uliporuka tena, aliona daktari kakosea. Akawa mlinzi wa moyo wake. Vidole vilikuwa shingoni kutwa, akitafuta mapigo. Usingizi ukampaa. Mkewe, Shemsa, naye alikuwa kila saa akimwekea mkono kifuani na kumuuliza, "Umeruka tena?"

Asubuhi moja Ame alitoka kwenda kununua lozi. Junaid alibaki peke yake na sufuria. Moyo ukaruka. Aliuachia mwiko, akashika shingo, akakaa chini. Aliponyanyuka, sufuria nzima ilikuwa imeungua.

"Basi," alisema. "Mimi sipiki tena."

"Na ndoa ya Salhiya?" Shemsa aliuliza.

Salhiya ni binti yao wa pekee. Tangu yu mdogo, Junaid alimwahidi kwamba halua ya ndoa yake ataikoroga kwa mikono yake. Na ndoa ilikuwa karibu.

"Tutanunua."

"Mpishi wa halua anunue halua ya ndoa ya mwanawe?" Shemsa alikasirika, machozi yakamlenga. "Hata mwanao hutomwangalia usoni!"

Jirani yao, Bi Nassra, ni muuguzi. Harufu ya kuungua ilimfikia mpaka kwake.

"Hodi! Mnachoma nini leo?"

"Karibu, Bi Nassra. Shikamoo," Junaid alijibu kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kuna nini?"

Junaid alimweleza yote. Bi Nassra alisikiliza, kisha akavuta kiti.

"Skiza, Junaid. Moyo wako haukusimama. Pigo moja limewahi, limekuja kabla ya wakati wake. Baada ya hapo moyo unatua kidogo. Unajaa damu zaidi, ndo maana pigo linalofuata linakuwa zito. Watu wengi yanawatokea hayo. Hata mimi."

"Hata wewe? Mbona huogopi?"

"Nlipimwa, nkaambiwa nzima, nkaamini. Wewe umepimwa, lakini kutwa unausikilizia. Khofu inautia moyo mbio, unaruka zaidi. Ukiruka, khofu inazidi. Juu yake kahawa, na usingizi huna!"

"Sasa nfanye nini?"

"Ukiruka, usishike shingo. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kwa mdomo. Na kazi iliyo mkononi, endelea nayo."

"Na nikianguka?"

"Ulimuuliza daktari kama ukoroge?"

"Nlimuuliza. Kasema nikoroge tu."

"Basi?"

Junaid aliuokota mwiko, akaanza kukwangua sufuria.

"Lakini usijifanye shujaa," Bi Nassra aliendelea. "Ukizimia, kifua kikibana, pumzi zikikushinda, au moyo ukienda mbio usitulie, hospitali hapohapo. Na ambaye hajapimwa, asijiambie ni kitu kidogo. Apimwe kwanza."

Kisha akamgeukia mke wa Junaid. "Na wewe Shemsa, mwache na maswali ya moyo."

"Nisimuulize mume wangu hali yake?"

"Muulize kama kala."

Wakacheka, hata Junaid.

Kesho yake alianza na sufuria ndogo. Haikuwa rahisi. Moyo uliporuka, mkono ulikwenda shingoni wenyewe. Akaurudisha kwenye mwiko. Akavuta pumzi, akaitoa polepole pamoja na alhamdulillahi ndefu. Ukaruka tena. Akaendelea kukoroga. Khofu ilipanda, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe. Kumbe ilikuwa inashuka!

Kahawa aliipunguza kidogo kidogo, akanywa chai ya mchaichai. Akalala mapema. Miruko ilipungua, ingawa haikwisha. Junaid alikwishaamua kuwa haitomfukuza kwenye sufuria yake.

Ikafika siku ya kupika halua ya ndoa. Ame alitaka kushika mwiko kwanza.

"Niachie, shemeji. Hii yangu."

Halua ilipoanza kuwa nzito na samli kujitenga, moyo uliruka kwa kishindo. Shemsa, aliyesimama mlangoni, alimwona mumewe akishusha pumzi ndefu. Akafungua kinywa, akakumbuka.

"Baba Salhiya, ushakula?"

"Nikishaepua," alijibu, na mwiko unazunguka.

Halua ilitoka laini, inang'aa. Salhiya aliionja, akamkumbatia baba yake.

Jioni, msikitini, Junaid alikaa uso kwa uso na bwana harusi. Akamshika mkono ili amwozeshe. Hapo moyo ukaruka.

Junaid alitoa pumzi polepole. Hakuuachia mkono wa mkwewe. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka safu ya nyuma, "Nimekuoza binti yangu, Salhiya."

Kisha halua ikapita. Sahani zilirudi tupu.