Lango la Njia ya Mgodini

Maneno yalianzia kwenye foleni ya duka la mikate: Bronwyn katoroka na dereva wa lori. Mama yake, Joyleen Harker, aliyasikia akiwa nyuma ya duka anaoka pai za nyama, na tangu hapo hayakumtoka. Alikanda unga nayo, akalala nayo.

Jumatatu Bronwyn, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, alitaka kuuona mji wa Kurrandilla kama wageni wanavyouona: maghala ya nafaka yaliyochorwa picha, kasuku mkubwa wa saruji, mgodi wa zamani wa dhahabu. Akaondoka na Clive Rennick, mtembeza wageni, mtu waliyemjua tangu utoto. Clive akarudi peke yake. Alisema kamshusha kwenye maghala, pale malori yanaposimama. Jumatano kofia ya Bronwyn ikaokotwa hapohapo.

Sajini Doug Trevenna, askari pekee wa mji, alimsimamisha dereva aliyetajwa kwenye uvumi, Darko, akapekua lori lake lote. Darko hakukasirika.

"Doug, mwenzangu, humo ndani kuna mbwa na harufu ya mbwa. Msichana gani apande?"

Kisha akaeleza kwamba Jumatatu, kama saa nane mchana, alipishana na gari la Clive likitoka upande wa mgodini. Clive alikuwa peke yake.

"Nikamwinulia kidole kwenye usukani, kama tunavyosalimiana siku zote. Hakuinua chake. Nikasema, huyu leo kaudhiwa na nani?"

Doug akamwita Clive, akamuuliza kama walifika mgodini. Clive akakana. Alisema saa nane alikuwa akimtafuta mbwa wake aliyepotea huko, na kwamba yeye na Bronwyn waligeuza mapema.

"Saa nne asubuhi tulikuta lango la njia ya mgodini limefungwa kwa mnyororo. Desturi unaijua, Doug. Ukilikuta limefungwa, liache limefungwa."

Doug aliijua. Huko mtoto hufunzwa hivyo kabla ya kujua kusoma: lango lililo wazi liache wazi, lililofungwa liache hivyohivyo, aliyelifunga ana sababu yake. Yeye mwenyewe Jumanne, katika kutafuta, aliliona limefungwa akaenda zake bila kulifungua. Joyleen pia alifika siku hiyo. Alisimamisha gari mbele ya lango, kondoo wamejazana upande wa pili wanalia, akadhani mwenye shamba anahamisha mifugo yake. Akageuza gari.

Ijumaa asubuhi mwenye shamba, mzee Merv Tolhurst, aliingia kituoni amefura. Alikuwa kaskazini tangu Jumatatu mchana, na aliporudi akakuta kondoo wake wamekufa kwa kiu, wameegemea waya, birika la kunyweshea mifugo likionekana upande wa pili wa lango. Alisema mgeni mpumbavu kafunga lango lake.

"Tangu ukame uanze nimeliacha wazi wapate kunywa. Jumatatu saa sita mchana, nikienda kaskazini, nimepita hapo na gari. Lilikuwa wazi."

Joyleen alikuwa amekaa kwenye benchi, kama kila asubuhi. Akauliza taratibu, "Basi Clive saa nne aliuona mnyororo gani?"

Doug aliacha chai yake, akachukua funguo.

Mbao zilizofunika shimo la mgodi zilikuwa zimevunjika. Bronwyn alikuwa chini, amekufa. Daktari alisema mguu ulivunjika, lakini uhai ulikaa hadi Jumatano, huenda Alhamisi. Kwa hiyo Jumanne, mama yake aliposimama langoni, Bronwyn alikuwa hai, na labda akiita. Kondoo walikuwa wakilia.

Doug akaurudisha uvumi nyuma, mdomo kwa mdomo. Shirley, aliyeyasema kwenye foleni ya mikate, kaambiwa na mke wa mwenye baa, naye mke wa mwenye baa kaambiwa na Clive. Mchana huo akamkalisha Clive mle mle dukani, Joyleen akiwa nyuma ya meza ya kuuzia.

Clive hakubisha sana. Alishaapa mbele ya halmashauri kwamba hatampeleka tena mtu penye shimo lile. Wangejua, wangemnyang'anya kibali. Bronwyn aliomba kuliona, naye akamwambia mbao ni imara. Zilipovunjika akakimbia. Kofia iliyobaki garini akaitupa maghalani, kisha akarudi kufunga lango, maana alijua hakuna mtu wa Kurrandilla atakayeligusa.

"Nilimwita. Hakujibu. Nikajua amekufa."

"Ulimwita mara ngapi?" Joyleen akauliza.

Clive akatazama sakafu. "Mara moja, Joyleen."

Joyleen akarudi jikoni. Pai zilikuwa zinaungua, akaziacha ziungue.

Wewe mama mwenye mtoto, haya uyaepuke:

Usimruhusu kwenda kutembea na mtu mmoja kwa sababu tu mmezoeana naye.

Usikanyage mbao zilizofunika shimo, hata mwenyeji akiapa.

Usishike uvumi kabla hujauliza nani wa kwanza kuusema.

Usiheshimu lango kuliko mtu.

Usiondoke penye kilio mpaka umejua nani analia.