Usimpite wa Mwisho

Haya yalimpata jirani yangu, fundi makochi. Ukuta wa nyumba yake na wangu ni mmoja, kwa hiyo mengine nimesimuliwa na mengine nimeyasikia mwenyewe, nipende nisipende.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa limeshatoka, watu wakinyoosha misuli chini ya mlima na kupigana picha, na fundi alikuwa amenuna. Alianza kununa tangu nyumbani. Mkewe, Mama Mapacha, msusi mwenye vidole vikali na mdomo mkali zaidi, alikuwa ameamua kukimbia mbio za mlimani, zile za kupanda kwenye mawe kwa miguu na mikono kisha kuteremkia upande wa pili. Fundi alikuwa amebembeleza, amefoka, amesusa chakula. Mama Mapacha alikula chakula chake na cha mumewe, akalala.

"Utavunjika mguu wewe," fundi alimwambia pale pale kwenye mstari wa kuanzia.

"Nikivunjika utanibeba."

"Nani? Mimi?"

"Kwani niliolewa na nani?" alisema, akajichomeka katikati ya wakimbiaji wenzake bila hata kugeuka.

Sasa fundi naye alikuwa na hila yake. Alikuwa ameomba kazi ya mfagiaji. Kazi hiyo acha niieleze mapema, maana bila hiyo hutanielewa. Mbio za mlimani hazina barabara. Njia huonyeshwa kwa tepe nyekundu zinazofungwa kwenye vichaka na mawe. Mfagiaji hukaa nyuma ya wote, akifungua zile tepe na kuzitia guniani, ili mlima ubaki safi na asiachwe mtu. Fundi alipiga hesabu zake: mkewe hana mazoezi ya maana, lazima atakuwa wa mwisho, kwa hiyo yeye atakuwa nyuma yake hatua chache tu, na ule mdomo utamwishia njiani. Ndivyo alivyojidanganya.

Mwandaaji wa mbio alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu ambaye kila mtu humwita Kocha. Alimkabidhi gunia, akamshika bega.

"Sheria ni moja tu. Usimpite mtu wa mwisho. Akitembea, tembea. Akikaa, kaa. Awe amechoka, awe amekuudhi, usimpite."

"Na nikimpita?"

"Nimesema usimpite," Kocha alijibu, na akaenda zake kupuliza filimbi.

Watu wakatimka. Fundi akangoja vumbi litulie, akaanza kazi. Alipofika kwenye miinuko ya kwanza alitupa macho mbele kumtafuta mkewe, akijiandaa kabisa na maneno ya kumkoga. Mkewe hakuwepo. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mwanamume mmoja mwenye fulana nyeupe iliyochakaa na kofia pana iliyomfunika mpaka masikio. Karatasi ya namba ilikuwa mgongoni, imefifia hata haisomeki. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kulipa faini.

Fundi alisonya. Kwa hiyo Mama Mapacha alikuwa mbele huko, na yeye alikuwa amefungwa kamba na huyu konokono! Alifungua tepe kwa hasira, akazisokomeza guniani. Akaongeza mwendo ili angalau amsogelee yule bwana, amtie moyo. Akasogea. Yule bwana alikuwa mbali vile vile. Akapunguza mwendo, naye yule akapunguza.

"Kaka! Pole na safari!" aliita. "Jikaze kidogo, tufike leo!"

Kofia haikugeuka. Fundi alihisi nyongo inapanda. Kama kuna kitu kilikuwa kinamkera duniani, ni mtu unayemsemesha kwa heshima halafu anakufanya ukuta.

Wakapanda hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mawe yakaanza kuwa makubwa na njia kuwa nyembamba. Kwenye kituo cha maji, dada mmoja alikuwa anafunga madumu yake kwa kamba, amemaliza kazi. Fundi alikunywa, akafuta mdomo, akaelekeza kidevu mbele.

"Huyu wa mwisho atanitoa roho, dada yangu. Hivi yeye hata maji alikunywa?"

"Alikunywa sana. Na utani juu. Si mkeo yule, msusi?"

"Simsemi mke wangu. Namsema huyu mwanamume."

"Mwanamume yupi?" Dada alimtazama, akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wa mwisho ni mkeo. Nimewahesabu mimi mwenyewe hapa, na Kocha nimeshampigia. Baada yake hajapita mtu ila wewe."

Fundi aligeuka kumwonyesha. Yule bwana alikuwa amesimama penye kona, amewapa mgongo, mikono imelegea. Alikuwa anangoja.

"Si yule pale?"

Dada alitazama pale kwenye kona. Akatazama kwa muda. Kisha akajitwika madumu yake haraka na kushuka mlima bila kuaga.

Hapo mtu mwenye akili timamu angerudi. Hata mimi ningerudi, na sioni haya kusema hivyo. Lakini mke wake alikuwa mbele, na kati yake na mkewe alikuwa yule. Fundi akapiga moyo konde. Alijiambia kwamba dada wa maji amechoka na jua, kwamba watu wa kujitolea siku zote hawako makini, kwamba yule bwana labda alichepuka akapitia nyuma ya mwamba. Alijiambia mengi. Akaendelea kufungua tepe.

Ukungu ulishuka ghafla. Mlima ukabaki mawe matupu, na kila jiwe linateleza. Hapo watu hupaita Mlango: miamba miwili mirefu imebanana, katikati pana upenyo wa mtu mmoja. Zaidi ya hapo hakuna njia nyingine. Pembeni ni bonde tupu.

Yule bwana alikuwa amekaa mle katikati. Amekaa kabisa, mgongo kwenye mwamba huu, magoti kwenye mwamba ule.

Akikaa, kaa. Fundi alikaa juu ya jiwe, gunia mapajani, meno yanagongana kwa baridi na ghadhabu. Alingoja. Hakukuwa na upepo wala ndege. Alikohoa ili kukumbusha kwamba yupo. Yule mwenzake hakukohoa, hakuhema, hata fulana haikutikisika.

Kisha akasikia sauti kutoka upande wa pili wa Mlango.

"Baba Mapacha! Baba Mapacha, njoo!"

Alikuwa mkewe. Na haikuwa sauti ya utani.

Fundi alisimama. "Kaka, nipishe."

Kimya.

"Nakuomba. Mke wangu ameumia huko. Nipishe!"

Mkewe akaita tena, safari hii sauti ikakatika katikati. Yakamfika fundi shingoni. Sheria ya Kocha, adabu, uoga, vyote vikamtoka. Aliingia Mlangoni ubavu ubavu, akainua mguu juu ya magoti ya yule mtu. Bega likagusana na bega. Lilikuwa la baridi. Lilinuka nguo iliyosahauliwa majini. Hakuthubutu kuangalia chini ya kofia.

Alipokuwa juu yake kabisa, yule mtu alinong'ona.

"Haya. Tangulia."

Fundi alijirusha, akatokea upande wa pili akitambaa.

Mama Mapacha alikuwa chini kidogo ya Mlango, mguu umenasa kati ya mawe, uso umepauka. Fundi alitupa gunia, mdomo wake haujafungwa, halijajaa hata nusu. Akavuta jiwe. Likagoma. Akalitukana, akalivuta tena. Likasogea. Mguu ukatoka, umevimba, lakini mzima.

"Nilikuambia!" alifoka. Halafu akamkumbatia, wote wawili wakalia kidogo, maana hasira yake yote ilikuwa ya hofu, na mkewe alijua hivyo tangu mwanzo.

"Nibebe," alisema Mama Mapacha.

Akambeba mgongoni, gunia akaliacha pale pale. Mteremko ulikuwa mkali, changarawe zinaserereka, naye alishuka akikanyaga kwa kisigino. Tepe alizipita tu, zikining'inia kulia na kushoto. Zingechukuliwa na mwingine.

Kidogo akasikia nyuma yake: chwak.

Alijua ule mlio. Alikuwa ameusikia asubuhi nzima kwenye vidole vyake mwenyewe. Ni mlio wa utepe unaofunguliwa.

Akatembea. Chwak. Akasimama. Kimya. Akatembea. Chwak. Changarawe zililalamika nyuma, hatua kwa hatua, wala hazikukaribia. Mtu aliyekuwa huko hakutaka kuwapita.

Mama Mapacha alikuwa na kidevu chake juu ya bega la mumewe. Fundi alihisi kichwa kile kinageuka, taratibu, kutazama walikotoka. Mikono iliyomkumbatia shingoni ikakaza. Halafu ikalegea. Ikalegea mno, kama ya mtu anayetaka kushuka.

"Unaona nini?" alinong'ona.

"Tembea."

"Mama Mapacha, ni nani?"

"Tembea tu, wewe."

Hilo neno "wewe" lilimuuma. Hakuwahi kuitwa hivyo na mkewe, si kwa sauti ile.

Wakafika. Watu walipiga makofi, Kocha akapuliza filimbi ya kufunga mbio. Wakawakimbiza zahanati, na huko walikaa alasiri yote, mguu ukifungwa, mkono wa Mama Mapacha ukiwa mbali na wa mumewe. Kila fundi alipousogelea, mkewe alijifanya anajikuna.

Nyumbani ndiko mimi nilikosikia. Mwanzo fundi alikuwa mpole. Akauliza kama amemkosea, kama ni kwa sababu ya kununa, kama ni maneno ya asubuhi. Baadaye sauti yake ilipanda mpaka vyombo vyangu vikatikisika.

"Nimekutoa mlimani kwa mgongo wangu! Sema basi uliona nini!"

"Nilikuona wewe," Mama Mapacha alisema. "Ulikuwa nyuma. Una gunia. Unafungua tepe, umeinamisha kichwa kama unavyoinama kibandani kwako. Ukaniangalia. Ukawa kama unataka kuniita, sauti haitoki."

"Mimi nilikuwa nimekubeba!"

"Nilibebwa, ndiyo."

Jamani, mtu anamthibitishiaje mkewe kwamba yeye ndiye yeye? Fundi alijaribu. Alimtajia walipokutana, mahari ilivyosumbua, pacha yupi alitangulia kuzaliwa, siri za chumbani ambazo mimi jirani sikustahili kuzisikia. Kila alipomaliza, mkewe alimjibu kwa upole uliozidi kumtia wazimu: "Hata huyo mwingine angeyajua." Fundi alipiga ukuta ngumi. Ukuta ni wetu sote, picha yangu ikaanguka.

Kesho yake Kocha alikuja kumjulia hali mgonjwa, nami nikajipenyeza nikiwa na sahani ya matunda. Begani Kocha alikuwa na gunia, limejaa mpaka limevimba.

"Fundi, wewe ni mtu wa kazi," alisema, akilitua. "Mke mgongoni, na bado hukuacha hata utepe mmoja. Ila mbona hukuitikia jana? Alasiri nimekupungia mkono pale mwisho wa mbio, umeinama unalifunga gunia, ukanitazama tu, ukaliacha ukaenda zako."

Alasiri fundi alikuwa zahanati.

Mama Mapacha alikuwa anautazama mdomo wa gunia. Ulikuwa umefungwa kwa fundo ambalo fundi alifundishwa na marehemu baba yake, naye mashoto kama yeye, lenye mkia unaotokea kushoto. Vijana wa kibandani wamelijaribu miaka na miaka, hawaliwezi. Wateja hulikata kwa mkasi.

Mkewe alichukua kipande cha kamba, akamrushia.

"Lifunge."

"Sasa hilo nalo!" fundi alisema, karibu acheke kwa kuona jambo limekwisha. Alifunga haraka, bila kuangalia, kama anavyofunga kila siku. Akaliinua.

Mkia ulikuwa umetokea kulia.

Akalifungua. Akafunga tena, polepole, ulimi umetoka kwa juhudi. Kulia. Akabadilisha mikono, jasho likamtiririka, akavuta kamba mpaka ikamkata kidole. Kulia. Alitazama vidole vyake kama vya kuazima.

"Ni mimi," alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mke wangu, wallahi ni mimi."

Mama Mapacha hakuwa anamwangalia tena. Alikuwa amejiinua kwa gongo lake, amemkabili Kocha, na aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia wa kwake aliyepotea.

"Alipomaliza kufunga, alielekea wapi?"

Kocha alinyoosha kidole mlimani, na Mama Mapacha akaanza kuchechemea kwenda mlangoni.