Mjomba Alinivunja Mkono kwa Sababu ya Duara Jekundu

Naandika hii kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kwa hiyo mkiona makosa mnivumilie. Wa kulia uko kwenye plasta. Aliyeuvunja ni mjomba wangu, tena mbele ya chuo kizima!

"Toa hilo bango!"

Ilikuwa siku ya mashindano ya mabango ya utafiti chuoni, ukumbi umejaa. Majaji wanapita bango kwa bango, mimi nimesimama kando ya langu na blauzi ya kuazima, najikaza nitabasamu. Kugeuka hivi... mjomba! Bomba la chuma mkononi, macho mekundu.

"Mjomba, shikamoo..."

Shikamoo gani! Bomba lilishuka. Niliinua mkono nikinge uso, nikasikia mfupa ukilia ko!

"Nimekulea! Nimekulisha! Leo unanianika hadharani?"

Pigo la pili lilivunja stendi. La tatu lilinipata mgongoni, nikaanguka juu ya bango langu, damu ya pua ikachirizika kwenye ramani.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, bila hivyo hamtanielewa.

Mama yangu alipofariki, mjomba ndiye aliyenichukua. Ana karakana ya betri kuukuu za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba yake. Wanazipasua, wanayeyusha risasi iliyomo, wanauza. Risasi ya betri jamani, si ya bunduki!

Mimi nasoma afya ya jamii, mwaka wa mwisho. Utafiti wangu ulihusu watoto wa mtaa wetu: kliniki iliwapima damu ione nani ana sumu ya risasi mwilini. Majibu ya kila mtoto ni ya mzazi wake, na ni kliniki tu inayompa. Mimi nilikatazwa kumtaja yeyote.

Sasa, bango langu la kwanza lilikuwa balaa. Maneno matupu, herufi ndogo kama chawa. Mwalimu wangu, tunayemwita Rula kwa sababu hatembei bila rula yake ya chuma, aliishia mlangoni akakodoa macho.

"Binti, hili ni bango au gazeti?"

"Ni utafiti wote, mwalimu."

"Na nani atausoma wote amesimama, miguu inamuuma? Nipe kitu kimoja nikione kutoka hapa mlangoni."

Basi nikafyeka. Katikati nikaweka ramani ya mtaa. Kila mtoto mwenye sumu, duara jekundu pale anapoishi. Sumu nyingi, duara kubwa. Bila jina la mtu. Lilipendeza mpaka nikajipongeza mwenyewe.

Rula akagonga kona ya chini.

"Ufunguo wa ramani uko wapi? Mtu atajuaje duara ni nini?"

"Nitauweka, mwalimu."

Sikuuweka! Ungeniharibia kona yangu yenye nembo ya chuo. Nikasema moyoni, si nitakuwa nimesimama hapo hapo? Anayetaka kujua ataniuliza.

Aliyenisaidia kupanga rangi kwenye kompyuta ni binamu yangu, kifungua mimba wa mjomba. Tumekula sahani moja tangu utotoni, ila duara ni nini hakuniuliza, nami sikumwambia. Kumbe mwenzangu alilipiga picha bango, akamtumia baba yake na ujumbe huu:

"Baba, huyu anakuchoma. Duara kubwa kuliko yote kaiwekea karakana yetu."

Haya, turudi ukumbini. Bomba liko juu tena, safari hii linakuja kichwani...

Pa!

Rula ya chuma ilitua kwenye kifundo cha mkono wa mjomba. Bomba likaanguka. Walinzi wakamrukia, meza ikapinduka, watu wakakanyagana mlangoni. Binamu naye akatokea sijui wapi, akalivamia bango alichane. Nilikuwa chini bado... nikamng'ata mguu. Ndiyo, nilimng'ata, na sijutii!

Jaji mmoja, daktari mtu mzima, akasogea akiwa ameshika miwani yake iliyovunjika.

"Mzee, nimelisoma hili bango. Halitaji karakana ya mtu. Ya kwako imeingiaje?"

"Si hilo duara kubwa! Si ndiyo karakana yangu hiyo!"

Nikajivuta kwa mkono mmoja mpaka nikasimama.

"Mjomba... duara si karakana. Kila duara ni mtoto."

"Mtoto gani?"

Sikuweza kulisema mbele za watu. Nikamsogelea, walinzi wamembana, nikamnong'oneza sikioni.

"Ni Mamii."

Mamii ni kitinda mimba wake. Kila mjomba anapotoka kazini, kale katoto kanamrukia, kanazika uso kwenye ovaroli lake lililojaa vumbi la betri. Na yeye anacheka, anakabusu.

"Mamii wangu?"

"Kliniki imemwita mama yake leo asubuhi. Lile tumbo linalomsumbua... kule kuchelewa kuongea... ni sumu, mjomba."

Akatazama ovaroli lake. Alikuwa amekuja nalo vilevile. Halafu akaanza kujigonga kichwa ukutani, du! du! du! Walinzi waliomshika asiniue mimi, sasa wakawa wanamshika asijiue yeye. Binamu alikaa chini akalia kama mtoto mdogo.

Mjomba yuko mahabusu. Ndugu wananiambia nifute kesi. Sijaifuta, na msinishauri kwenye komenti. Bomba aliliinua yeye, sikumwinulia mimi.

Lakini mwanafunzi mwenzangu unayetengeneza bango, nisikilize. Hutakuwepo kila linapotazamwa. Litapigwa picha, litatumwa, litafika kwa mtu ambaye huwezi kumweleza chochote. Maneno manne tu kwenye kile kikona, "kila duara ni mtoto," na huenda mjomba angembeba Mamii akakimbilia hospitali badala ya kubeba bomba. Nalia nikifikiria hilo.

Juzi nilienda kumwona. Nilijua ataniomba msamaha, au atanitukana. Alitazama plasta yangu.

"Duara lake," akasema. "Limepungua?"

"Linapungua, mjomba."

Akainamisha kichwa kwenye nondo, akaniomba nimchoree hilo duara, lilivyo sasa.