Mchungaji Aliyekataa Kukauka

Siku hiyo ilikuwa ya soko, na watu wa Bwera walikuwa wakipita na ndizi zao kuelekea Mpondwe. Yunia alikuwa kibarazani akiandaa sanamu za pango la Krismasi. Mumewe, Danieri, ndiye aliyeyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Yunia: kukata vinundu, kulainisha mshono kwa tupa, kuosha kila kipande kwa sabuni kwa kuwa rangi haishiki penye mafuta. Halafu alitoboa mabega, akapitisha waya mwembamba, akagandisha mikono kwa gundi. Mamajusi walikwishasimama, weupe kwa rangi ya chini. Kondoo nao. Aliyesumbua ni mchungaji mmoja tu. Fimbo yake ndogo ilikuwa imepakwa rangi nyeupe asubuhi ile, ikimngoja pembeni.

Mchungaji huyo alitokana na timazi, ile risasi ambayo fundi mwashi huining'iniza kwenye uzi aone kama ukuta umenyooka. Danieri aliiokota kwenye mchanga wa mto Nyamwamba, kule Bulembia, baada ya mafuriko ya mwaka 2013. Wote wawili walijua ni ya Syahuka, mwashi aliyechukuliwa na maji asionekane tena. Nduguze walizika mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi, na kitu cha marehemu kikipatikana hupelekwa kikalazwe na mgomba ule. Danieri alisema risasi ni risasi. Yunia, mwimbaji wa kwaya, Mungu amsamehe, alinyamaza.

Sasa sanamu haikauki. Akiianika juani, inatoka jasho. Akiipaka rangi, inateleza kama maji juu ya jani la yugwa. Na tangu ilipotoka kwenye kalibu, Danieri alikuwa kitandani akikohoa, kila siku pumzi ikipungua. Alichotema kilikuwa mchanga.

Jirani yao Thembo alikwishaleta habari za mganga anayetaka mbuzi. Siku hiyo akaja na Marie-Louise, mfanyabiashara wa Butembo aliyeagiza sanamu zile. Mama huyo akaitazama sanamu bila kuigusa.

"Mama Yunia," akanong'ona, "hii mutu iko inavuta bwana yako. Uitupe mu mto, pamoja na shati yake. Kwetu banafanya vile."

"Shati ya Danieri haiendi kwa maji," Yunia akajibu. "Na mbuzi yangu iko na mimba. Mganga akisikia njaa, achinje kuku yake."

Wakaondoka, Thembo akinung'unika kwamba mjane mbishi hazikwi na mtu, kana kwamba Danieri amekwisha kufa.

Yunia akaitia sanamu tena kwenye beseni, ndani ya maji ya kina cha kiganja, aioshe upya. Hapo ndipo alipoona mikono ya mchungaji. Kwenye kalibu ilikuwa ngumi za kushikia fimbo. Sasa viganja vilikuwa wazi. Vimeinuliwa juu.

Akaingiza mkono kuitoa. Haikutoka.

Kitu kirefu kama kidole kilikuwa kizito kama mtu. Maji yakamfika kifundo cha mkono. Yakamfika kiwiko. Ilhali kitako cha beseni alikuwa bado anakiona, kina cha kiganja tu. Kisha kitu kikamshika. Baridi. Vidole vitano, vya mtu mzima.

Chumbani, kikohozi kikakatika. Danieri akasema, lakini sauti haikuwa yake.

"Nivute."

Yunia akakaza magoti. Hakulia.

"Syahuka, tulikukosea," akasema. "Timazi yako tuliyeyusha, na mimi nilijua. Hiyo dhambi ni yangu, nitaibeba. Lakini mume wangu humchukui. Na mimi, kwa jina la Yesu, sizami katika beseni ninaloogeshea watoto. Toka."

Akavuta. Maji nayo yakavuta. Bega likalia. Akaanza wimbo wa kwaya, meno yameumana. Akavuta tena.

Akaanguka chali, sanamu mkononi. Beseni lilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa kavu.

Chumbani Danieri alivuta pumzi ndefu, akaomba uji, akalalamika hauna sukari kabla ya kuuonja. Yunia akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akampaka mchungaji rangi ya chini, ikashika mara moja. Akatafuta fimbo. Haikuwapo.

Wiki iliyofuata yeye na Danieri walikwenda Bulembia na mchungaji, kwa nduguze Syahuka. Thembo aliwaonya kwamba watapigwa. Yunia alisema bora fimbo za ndugu hao kuliko mkono wa Syahuka. Akawaeleza wenye msiba kila kitu, hakujificha nyuma ya mumewe. Hawakuwapiga. Wakawapeleka kaburini. Nyasi zilikuwa zimefunga juu yake, hakuna aliyegusa udongo ule tangu maziko.

Kaka wa marehemu akachimba kutafuta mgomba, ili mchungaji alazwe kando yake. Hakukuwa na mgomba, wala nyuzi zake. Kulikuwa na nafasi tupu, ndefu kama mtu aliyelala. Katikati yake, fimbo ndogo ya risasi.

Watu wote wakarudi nyuma. Yunia akashuka, akaiokota kwa mkono mtupu, akaichomeka kiganjani mwa mchungaji. Ikakaa barabara.

Alipopanda juu, vidole vyake vilikuwa vyeupe. Rangi ya fimbo ilikuwa bado mbichi, kama asubuhi ile ilipopakwa.