Kifaa Kilichozamishwa Bwawani

Kila asubuhi Mzee Perege alikunywa chai kando ya bwawa lake la samaki, nyuma ya nyumba. Siku hiyo chai ilimpalia. Samaki wengi walikuwa wanaelea, matumbo juu.

"Mama Watoto, njoo uone! Dobi ametumaliza!"

Dobi, mama jirani anayefulia watu nguo, alikuwa anaanika shuka.

"Maji yako ya sabuni yameua samaki wangu!" Mzee Perege alimfokea mbele ya wateja. "Muuaji wa mapovu wewe!"

Dobi aliendelea kuanika. Wateja wakachukua nguo zao, wakaondoka mmoja mmoja.

Mzee Perege akamwita mtaalamu wa samaki. Mama huyo alikuja na kifaa kinachofanana na tochi nene. Akakifunga kamba, akakizamisha.

"Samaki wanavuta hewa ya oksijeni iliyomo majini," alieleza. "Hiki kinaipima mchana na usiku, na kinatunza kumbukumbu."

"Safi! Nitaita mtaa mzima waje kushuhudia."

Akaita kweli. Siku ya kukitoa kifaa, ua ulijaa. Dobi naye alikuja.

Mtaalamu akakiunganisha na simu yake. Mstari wa oksijeni ulipanda mchana, ukashuka usiku. Alfajiri ulikuwa chini kabisa.

"Si ndiyo sabuni hiyo?"

"Maji ya Dobi yanaishia mtaroni, mzee. Nimeyafuata. Jioni unawalisha nini samaki?"

Mkewe akamjibia: "Pumba, ndoo nzima! Akipata wageni anaongeza, ili waone samaki wanavyoruka."

Watu wakaangua kicheko.

"Chakula kinachobaki kinaoza, kinamaliza oksijeni," alisema mtaalamu. "Tena kinarutubisha huu ukijani wa maji. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta. Samaki wamekosa pumzi. Walishe jua likishapanda, kile wanachomaliza tu. Punguza maji haya machafu, ingiza mapya kidogo kidogo."

Mzee Perege alitazama ndala zake. Mashahidi wote aliwaita mwenyewe.

"Dada yangu, nisamehe," alisema.

"Kunitukana ulipaza sauti, shemeji," Dobi akajibu. "Mbona sasa unanong'ona?"

Mzee Perege akarudia kwa sauti, mpaka waliokuwa barabarani wakasikia.

Kifaa kilipozamishwa tena baadaye, mstari wa alfajiri ulikuwa umepanda. Samaki wapo, wanene. Wateja wa Dobi nao wamerudi, wengine wakisindikizwa na Mzee Perege mpaka mlangoni. Ila akifika hapo, macho yake bado yanarudi kwenye ndala.