Gauni la Vifungo Saba

Kila siku saa tisa na nusu, akitoka shule, Mapimo alipitia kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara, na ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na ukuta mzima wenye misumari. Kwenye misumari hiyo zilining'inia paterni, yaani karatasi ngumu zilizokatwa kwa umbo la vipande vya nguo: mbele, nyuma, mkono, kola. Kazi za Mapimo zilikuwa kuokota pini sakafuni, kushona vifungo na kukunja pindo. Hizo alizifanya vizuri, hata wateja walimsifu.

Mapimo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na Shangazi. Mara tatu Shangazi alimpa kitambaa ajaribu kukata nguo yake mwenyewe, na mara zote tatu msichana huyo wa miaka kumi na miwili alipima, akapima tena, akachora kwa chaki, akafuta, akapima mara ya nne, kisha akaurudisha mkasi mezani na kusema ataendelea siku nyingine.

"Huyu kwa kupima hana mpinzani," Shangazi aliwaambia wateja. "Mpe mkasi sasa, utashangaa anavyokumbuka ghafla kwamba ana kazi ya shule."

Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma. Kusema kweli, aliogopa. Pindo ukilikosea unalifumua na kulianza upya. Kitambaa ukishakikata, kimekatika.

Jumatatu moja alirudi nyumbani akamkuta Bibi, mama yake mama, ameketi kitandani na kichwa chake kimo ndani ya gauni. Mkono mmoja umetoka, wa pili umekwama, na gauni halipandi wala halishuki. Miezi mitano nyuma Bibi aliteleza bafuni akavunjika bega. Mfupa ulikuwa umeunga, ila mkono wa kulia haukuinuka tena kupita kifua.

"Bibi, mbona hukuita mtu?"

"Nivute kwanza, maswali baadaye," sauti ilijibu kutoka ndani ya nguo.

Mapimo alivuta polepole. Bibi alipotokeza, nywele zilikuwa zimetimka na macho yamelowa. Alijifuta kwa kiganja, akatazama dirishani.

"Mwambie mama yako Jumamosi siendi. Sema sijisikii vizuri."

Mapimo alishtuka. Jumamosi ilikuwa siku ya Bibi kwenda kumuaga mdogo wake, aliyekuwa anahama kwenda kuishi kwa mwanawe, safari ya siku mbili. Mdogo huyo alikuwa na miaka sabini, na Bibi sabini na mitatu. Watu wa umri huo wakiagana hawaambiani tutaonana mwezi ujao.

"Lakini ulikuwa unaihesabu siku hiyo."

"Nitaihesabu nikiwa nimevaa nini? Nguo pekee inayofunguka mbele ni hii ya kulalia. Nimkalie mdogo wangu sebuleni kama mgonjwa aliyetoroka wodini?"

"Shangazi atakushonea nyingine."

"Shangazi yako ana kazi za watu mpaka kooni. Usimsumbue."

Usiku huo Mapimo aliumeza ujumbe ule, hakumpelekea mama yake. Kesho yake, badala yake, alikwenda kumsumbua Shangazi.

Shangazi alimsikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Mbele yake palikuwa na mrundo wa kitambaa cha bluu nzito, sare thelathini na nane za kampuni ya walinzi, zote za kukabidhiwa Ijumaa jioni.

"Hata nikiacha kula siwezi," alisema mwishowe. "Nami naona vibaya, maana mama wa wifi yangu ni mzazi wangu pia. Ila paterni ya gauni la kipimo chake iko msumari wa tatu. Cherehani ile ndogo haina mtu. Na wewe una mikono."

"Mimi?"

"Kwani nyuma yako kuna mwingine?"

"Shangazi, nikikiharibu kitambaa?"

"Utakuwa umekiharibu. Na usiposhona, Jumamosi itafika gauni halipo vilevile. Chagua mwenyewe, mimi nina kola za kugeuza."

Mapimo alikwenda nyumbani miguu mizito. Alitumaini, kwa aibu, kwamba Bibi atakataa. Bibi hakukataa. Alifungua sanduku lake akatoa kitambaa cha kijani chenye maua madogo meupe, kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Aliletewa na mdogo wake huyohuyo mwaka juzi, naye alikuwa akikitunza tu.

"Hiki hakipatikani tena," Mapimo alisema kwa unyonge.

"Kimelala miaka miwili hakijaniambia hata shikamoo," Bibi alijibu. "Chukua ukikate. Ni kitambaa, si mtoto."

Basi Jumatano akampima Bibi, mara mbili tu, akajizuia asipime ya tatu. Alhamisi akakikunja kitambaa juu ya meza, akaipanga karatasi ya mbele na ya nyuma, akazibana kwa pini. Paterni za Shangazi hazina nafasi ya mshono; ni lazima uongeze vidole viwili pembeni kwa chaki, la sivyo nguo itambana mwenyewe. Mapimo alikumbuka. Aliongeza mabegani, akaongeza ubavuni, akaongeza kwenye pindo. Mkono wa kulia aliupanua zaidi, kwa ajili ya lile bega.

Kisha akaushika mkasi. Pembeni alikuwa amekaa binti wa Shangazi, aliyesoma naye darasa moja, na ambaye kwa mdomo wake usiopumzika watu wote walimwita Kasuku.

"Unakata au unakiombea?" Kasuku aliuliza.

Mapimo alijipiga moyo konde, akafumba mdomo, akakata. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza alikuwa hata hajavuta pumzi. Alikata wa pili, na wa tatu. Mwisho akakikata kile kipande cha mbele katikati, toka shingoni hadi chini, ili gauni lifunguke. Alipoweka mkasi chini alikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumwambia kila mpita njia.

Ijumaa alasiri mabega yalikuwa yameungwa, mbavu zimeungwa, mikono imeingia mahali pake. Kasuku alilivaa gauni juu ya sare yake ya shule ili walitazame. Lilimwenea, kwa sababu Kasuku ni mtu wa mwili kama Bibi, na mabega yalikaa vizuri. Mapimo akazishika zile kingo mbili za mbele, akazikunja kwa ndani kama pindo, akazileta pamoja afunge kwa pini.

Hazikukutana. Alivuta. Pakabaki uwazi wa vidole vitatu kutoka kifuani mpaka magotini.

Aliirudia karatasi ya mbele, ndipo akaelewa. Ile paterni ilikuwa ya gauni lisilofunguka mbele, la kuvalia kichwani. Gauni la vifungo hutaka kitambaa cha ziada katikati, ili upande mmoja ulale juu ya mwenzake. Yeye aliongeza kila mahali isipokuwa hapo. Kitambaa kilichobaki kilikuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, na saa ilikwisha kuwa kumi na nusu.

"Sikiliza," Kasuku alinong'ona. "Liunge hapo katikati kwa mshono mmoja. Litakuwa gauni la kawaida, zuri tu. Bibi alivalie kichwani. Mama hatajua, ana sare zake."

Mapimo alilifikiria, na si uongo, alilifikiria sana. Mshono mmoja, dakika tano, na watu wote wangemsifu kwa nguo yake ya kwanza. Kisha akamkumbuka Bibi alivyokaa kitandani na kichwa ndani ya nguo, hataki kuita mtu. Gauni asiloweza kulivaa lingemfaa nini?

"Livue," alimwambia Kasuku. "Namwonyesha mama yako."

Shangazi alisimamisha cherehani. Alivaa miwani, akaligeuza gauni nje ndani, akaupitisha ukucha juu ya mishono. Mapimo alieleza kosa lake lote bila kuzunguka.

"Mabega umeyaweza," Shangazi alisema. "Mikono nayo imekaa. Mbele umepunja. Sasa kitambaa kikipungua, fundi anafanya nini?"

"Anaongeza."

"Na kama hakipo?"

Mapimo alitazama huku na huku. Chini ya meza palikuwa na gunia la mabaki ya sare za walinzi. "Anaongeza kingine," alijibu polepole. "Bluu inakubaliana na kijani?"

"Unaniuliza mimi? Kalaze vyote viwili mezani, vitakuambia. Nina sare nne, na gari lao linafika saa kumi na mbili." Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Mapimo aliviweka vitambaa pamoja. Vilikubaliana. Aliunganisha mabaki mpaka akapata kanda mbili ndefu, akazikunja mara mbili kwa urefu na kuzipiga pasi, mmoja kwa kila ukingo wa mbele. Ukanda wa kwanza ulitoka mrefu kuliko gauni, akaufumua. Akaushona tena, ukajikunja katikati, akaufumua tena. Kasuku alikaa akimtolea nyuzi. Mara ya tatu ukanda ulinyooka. Wa pili ulikubali mara ya kwanza. Kitambaa cha bluu kikabaki kidogo, akakitia kwenye ncha za mikono, ili watu waone kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

Jumamosi aliamka alfajiri akashona kwa mkono matundu saba na vifungo saba vikubwa. Saa tatu Bibi alilichukua gauni, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Dakika zikapita. Mama alisimama kwenda kumsaidia.

"Mngoje, Mama," Mapimo alisema. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kiti.

Mlango ulifunguka. Bibi alitoka amevaa, vifungo vyote saba vimefungwa, kanda za bluu zimelala sawasawa.

"Nani amekufunga?" Mama aliuliza.

"Nani anifunge? Mimi mtoto?" Bibi alisema. "Haya, pochi yangu iko wapi? Mtanichelewesha."

Mchana Mapimo alikwenda kwa Shangazi kufagia vipande vyake. Shangazi alikuwa amepumzisha miguu juu ya kigoda, sare zote zimekwisha kwenda.

"Siku zote hizi ulikuwa unasubiri hofu iishe ndipo ukate," alimwambia. "Haiishi. Mimi nina miaka ishirini katika kazi hii, na kila kitambaa cha mtu nikikishikia mkasi bado naogopa. Unakata hivyohivyo, na kukata ndiko kunakokufundisha. Lakini sikukusifu jana kwa kukata. Kukata hata panya anakata. Nilikusifu moyoni ulipokuja na kosa mkononi, hujalificha, wakati bado linarekebishika. Kosa lililosemwa mapema ni kazi ya saa mbili. Lililofichwa lingemweka bibi yako nyumbani leo."

Mapimo aliinamisha kichwa, akafagia kwa bidii zaidi ya ilivyohitajika.

Bibi alirudi jioni. Macho yalikuwa mekundu, uso umetulia.

"Tumeagana," alisema. "Tumecheka, tumelia, tumekula mara mbili. Tumeagana vizuri." Alimkalisha mjukuu wake karibu, akamshika kiganja kwa muda mrefu. "Asante, mama yangu. Ila kwapa la kushoto linabana. Linanibana tangu asubuhi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenivua, nami nilikuwa na safari."

Mapimo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanyanyuka kuufuata mkasi.

"Livue, Bibi," alisema. "Najua pa kukata."